Chekechea, hospitali na ofisi ya upimaji: nani awaunganishe?

Swali: Assalaam alaykum. Mimi ni mwalimu wa PP1, mwaka wa kwanza wa chekechea, katika kisiwa cha Pate, Kaunti ya Lamu. Nina watoto 34 darasani, na wawili kati yao hawasemi. Mvulana wa miaka mitano hajawahi kutamka neno linaloeleweka. Huziba masikio tunapoimba na huwauma wenziwe. Msichana wa miaka minne na nusu alikuwa akisema vizuri, lakini tangu babake afe maji mwisho wa Julai amenyamaza kabisa akiwa shuleni. Mama wa mvulana amekwenda hospitali, amekwenda ofisi ya upimaji wa watoto wenye mahitaji maalumu, amekwenda kwa ustadhi, na kila mahali ameambiwa jambo jingine. Nimesoma kwamba Marekani madarasa ya watoto wadogo yana mratibu wa ulemavu na afya ya akili. Sisi hatuna. Nifanye nini, na nianze na nani?

Jibu: Wa alaykumu ssalaam, Mwalimu. Umewataja watoto hawa pamoja kwa kuwa wote hawasemi, nami nitaanza kwa kuwatenganisha. Mvulana hajawahi kuipata lugha. Msichana aliipata, kisha ikampotea. Mtoto aliyechelewa lugha hutazamwa masikio kwanza, kisha ukuaji wake wote tangu siku aliyozaliwa. Mtoto aliyekuwa akisema akanyamaza hutazamwa kwa haraka zaidi, kwa sababu kupoteza uwezo uliokuwapo ni dalili isiyopaswa kuachwa isubiri, iwe asili yake ni ugonjwa au ni msiba.

Ulichosoma kuhusu Marekani kina ukweli. Upo mpango wa serikali uitwao Head Start, ulioanzishwa mwaka 1965 kwa ajili ya watoto wa familia zenye kipato kidogo. Kanuni zake zinataka angalau asilimia 10 ya nafasi zishikwe na watoto wenye ulemavu, na zinataka mtaalamu wa afya ya akili ashauriane na walimu na wazazi, badala ya kungoja mtoto aletwe ofisini. Linalofaa kuigwa hapo ni kazi yenyewe kuliko cheo: pawe na mtu mmoja anayejua ni nani na nani wamemwona mtoto, kila mmoja aliona nini, na hatua gani inafuata. Pale Pate kazi hiyo inafanywa hata leo, na anayeifanya ni mama wa mvulana, ambaye hakufunzwa na mtu, akiwa amemshika mtoto mkono mmoja na bahasha ya karatasi mkono wa pili. Kwa hiyo swali lako naliona hivi: tutampunguziaje mama huyu mzigo wa uratibu ambao tumemwachia bila hata kumwuliza?

Kwanza nieleze kwa nini ameambiwa mambo mbalimbali, maana wengi hudhani kwamba mmoja alisema kweli na wengine walikosea. Kwa Katiba ya mwaka 2010, elimu ya chekechea ni kazi ya kaunti, na hospitali nazo, isipokuwa zile za rufaa za kitaifa, ni za kaunti. Lakini vituo vya upimaji wa watoto wenye mahitaji maalumu, ambavyo nchini Kenya vilianza mwaka 1984, viko chini ya serikali ya kitaifa, na Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu ni chombo cha kitaifa pia. Ofisi hizi zina madaftari yao, fomu zao na wakubwa wao, na hakuna karatasi inayotoka moja kwenda nyingine isipokuwa ile anayoibeba mzazi. Daktari humwona mtoto kwa dakika chache, akiwa amechoka kwa safari ya boti. Mpimaji humwona akiwa katika chumba kigeni, na ustadhi humwona alasiri chuoni, kwenye masomo ya Kurani, akiwa miongoni mwa wenziwe. Kila mmoja alisema alichokiona. Wewe ndiye unayemwona siku tano kwa wiki, asubuhi nzima, akicheza, akila, akikasirika na akitulia, na bado sijaona katika barua yako mahali ambapo mmoja wao alikuuliza neno.

Jambo hili nalisema kwa uchungu kwa sababu nami nililikosea. Miaka ya mwanzo nikiwa mpimaji katika pwani yetu, niliandika katika faili la mtoto mmoja kwamba hatulii, hasikilizi na hawezi kukaa darasani. Nilimwona mara tatu, na mara zote tatu sikumwuliza mama kama mtoto anatumia dawa. Baadaye nilipata habari kwamba majuma machache kabla ya kuletwa kwangu alikuwa ameanzishiwa fenobabitoni kwa ajili ya kifafa, dawa ambayo kwa baadhi ya watoto huleta utundu na fujo wasizokuwa nazo kabla. Mwalimu wake aliyajua mabadiliko hayo kwa siku na tarehe, na aliyeandika dawa hakupata kuyasikia. Habari ya mwalimu ingemfikia mwuguzi mapema, dawa ingeangaliwa upya na daktari, na mtoto asingepoteza muhula mzima nyumbani. (Naongeza hapo hapo kwamba dawa ya kifafa haikatizwi ghafla na mzazi wala mwalimu, hata ikionekana inamsumbua mtoto, kukatiza kunaweza kuleta degedege kali isiyokoma. Anayebadilisha ni aliyeiandika.)

Sasa tuje kwa mvulana. Kabla ya jina lolote, masikio. Kuziba masikio wakati wa kuimba hakuthibitishi kwamba anasikia vizuri; mtoto mwenye upungufu wa kusikia huweza kukosa sauti za chini za maneno, huku sauti kubwa ikimuumiza. Mwulize mama kama masikio ya mtoto yaliwahi kutoka usaha, kwa kuwa usaha wa mara kwa mara unaopuuzwa ni miongoni mwa sababu za kawaida za watoto kupoteza usikivu. Mwulize pia kama alichelewa kulia alipozaliwa, kama alipata manjano kali katika siku za kwanza, kama aliwahi kulazwa kwa malaria iliyopanda kichwani, na kama huwa anaganda akitazama mbali kwa sekunde kadhaa huku haitiki akiitwa. Majibu ya maswali haya yaandikwe, kwa sababu ndiyo daktari atakayoyauliza, na mama aliyesafiri tangu alfajiri husahau nusu yake mbele ya meza.

Usonji (kwa Kiingereza, autism) ni neno ambalo bila shaka mmeshalisikia, na huenda likawa ndilo. Lakini usilitamke wewe, wala usilikanushe. Hakuna kipimo cha damu wala picha ya kichwa inayoonyesha usonji. Mtaalamu huutambua kwa kumtazama mtoto na kusikiliza historia yake, na ndiyo maana maandishi yako yana thamani kubwa kuliko unavyofikiri. Hakuna pia dawa ya kuuondoa, na ye yote atakayemuuzia mama dawa hiyo anamdhulumu. Kinachosaidia ni mazoezi ya kila siku ya mawasiliano, michezo na kujitegemea, ambayo wazazi na walimu hujifunza na kuyafanya nyumbani na darasani, na mazoezi hayo hayahitaji kungoja jina la hali yake. Ukimwonyesha kikombe kabla ya maji, mkeka kabla ya kukaa na kengele kabla ya kutoka, na ukafanya hivyo hivyo kila siku bila kubadilisha, umeanza, hata kama atakuja kuambiwa ni kiziwi, ana usonji, au vyote viwili.

Kuuma kwake ni usemi wa asiyekuwa na maneno, na kazi yako ni kujua anasema nini. Chukua daftari la kurasa 96, la mtoto huyu peke yake, uandike kinachotangulia, kinachotokea na kinachofuata. Hivi, kwa mfano: «Jumanne, saa tatu na dakika ishirini. Tunaimba, ngoma inapigwa karibu naye. Ameziba masikio. Mwenziwe amemvuta mkono arudi kwenye duara. Amemuuma begani. Amekimbilia nyuma ya mlango, ameshika komeo akilifungua na kulifunga. Nimeisogeza ngoma mbali, nikamwekea kikapu cha makombe ya pwani. Amerudi peke yake baada ya dakika saba.» Hakuna neno «mkorofi» hapo, wala «mgonjwa», wala «jini». Ukiwa na kurasa kumi za namna hiyo utajua kama anauma kwa sababu ya kelele, au ya kushikwa, au ya njaa ya saa nne, na mtaalamu atakayezisoma atakuwa amekaa darasani kwako siku kumi bila kuvuka maji.

Upande wa nyuma wa daftari hilo hilo ndio uratibu. Kila anayemwona mtoto, awe mwuguzi, mpimaji, mhudumu wa afya ya jamii au ustadhi, anaandika mistari miwili mitatu: tarehe, alichokiona, alichoagiza na siku ya kurudi. Kijitabu cha kliniki cha mama na mtoto kinabaki mahali pake, na ndani yake zimo hatua za ukuaji ambazo ni vyema uzisome pamoja na mama, mkitazama ni lini alikaa, alitembea, alitabasamu. Daftari linabaki mali ya mama. Wewe huandika naye huyahifadhi, na lolote litakaloonyeshwa mtu mwingine huonyeshwa kwa ridhaa yake. Mitaa yetu ni myembamba na habari hufika barazani kabla ya mwenyewe kufika nyumbani. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inazihesabu habari za afya kuwa nyeti, na za mtoto hazitumiwi bila idhini ya mzazi. Lakini hata kama sheria isingekuwapo, video ya mtoto akiuma mwenziwe haina haki ya kuingia katika kundi la wazazi la WhatsApp. Nimeona familia ikimtoa mtoto shuleni kwa jambo hilo moja, na sikuweza kuilaumu.

Umemtaja ustadhi kwa sauti ya mashaka kidogo. Mimi ningemkaribisha. Mama akitaka mwanawe anyweshwe kombe, ile zafarani iliyoandikwa aya katika sahani na kuoshwa kwa marashi, halitazuia matibabu madamu hakuna aliyemwambia aache dawa au asiende hospitali. Mpaka uwe hapo, na uwekwe kwa adabu. Zaidi ya hayo ustadhi ana habari ambayo wewe huna: wapo watoto wasiosema ambao huifuata sauti ya kisomo kwa mguno, wakipanda na kushuka pamoja na msomaji, na jambo hilo likionekana chuoni ni habari kubwa kwa mpimaji, kwani huonyesha kwamba mtoto anasikia, anakumbuka na anajaribu kuiga. Tena neno la ustadhi kwamba mtoto huyu si adhabu ya dhambi ya mtu litamfikia mama mahali ambapo neno langu halifiki.

Maana mama huyu naye yumo katika swali lako, ingawa hukumwuliza habari zake. Kulea mtoto asiyesema, anayelaumiwa na majirani, asiyelala usiku, na kuzungushwa ofisi hadi ofisi, ni mzigo unaoweza kumtia mtu huzuni nzito, na huzuni nzito ya mama hupunguza mazungumzo, michezo na subira ambavyo ndivyo tiba yenyewe ya mtoto. Ndiyo sababu sikubaliani na desturi ya kuweka ulemavu katika ofisi moja na afya ya akili katika ofisi nyingine. Siku moja mkiwa wawili tu, mwulize analala vipi, anakula vipi, na kama kuna jambo ambalo zamani lilimfurahisha na sasa halimfurahishi. Akijibu kwamba haoni faida ya kuishi, au akikutia wasiwasi kwamba atajidhuru, usimwache peke yake. Mwite mtu wa nyumbani anayemwamini na mfike kituo cha afya siku hiyo hiyo. Akiwa amechoka tu, mtafutie ndugu wa kumshika mtoto saa mbili kwa wiki.

Kadi ya Baraza la Watu Wenye Ulemavu itafutwe, kwa kuwa inafungua misaada, lakini inahitaji tathmini ya madaktari katika hospitali iliyoidhinishwa, na huchukua muda. Isitangulizwe. Wala mama wa mvulana asikubali mtu kumwambia kwamba mtoto abaki nyumbani hadi karatasi zipatikane: Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inakataza kumbagua mtoto katika kuandikishwa kwa sababu ya ulemavu.

Msichana ananitia wasiwasi zaidi. Jambo la kwanza la kujua ni kama amenyamaza kila mahali au shuleni tu. Ikiwa nyumbani bado anamnong'oneza dada yake au anazungumza na mwanasesere, basi sauti ipo na inazuiwa na hofu au huzuni. Ikiwa hasemi popote, afikishwe hospitali bila kukawia, na akapimwe masikio na kuulizwa habari za kuganda au kutetemeka, kwa sababu msiba na ugonjwa huweza kuingia nyumba moja wiki moja, na tukishapata sababu inayoeleweka huwa tunaacha kutafuta nyingine. Akianza kupoteza na vitu vingine, kama vile kutembea vizuri au kushika kijiko, hiyo ni dharura.

Kisha uliza alivyoambiwa kuhusu babake. Katika nyumba za mabaharia watu wazima hupenda kumwambia mtoto «baba amesafiri», wakidhani wanampunguzia. Lakini mtoto wa mvuvi anajua maana ya kusafiri: baba huondoka na maji ya alfajiri, na baba hurudi. Aliyeambiwa hivyo atangoja, ataacha kucheza akisikia mlio wa mashine ufuoni, na huenda akajizuia asiseme neno ambalo anahofia litaharibu marejeo yale. Mtoto wa umri huo anahitaji maneno ya kweli, machache, yanayorudiwa kila anapouliza: «Baba amekufa. Mwili wake umeacha kufanya kazi, na hawezi kurudi. Hukufanya wewe. Mimi nipo, na kesho utanikuta.» Mwenye haki ya kuyasema ni mama au mlezi wake, si wewe, lakini unaweza kumsaidia mama ayapange, kwa sababu naye ana kilio chake.

Hapa kuna jambo la kwetu ambalo mratibu wa Marekani hangelijua. Ikiwa babake alikufa mwisho wa Julai, mama bado yumo katika eda, muda wa mjane kukaa nyumbani, wa miezi minne na siku kumi. Nani basi atampeleka mtoto Amu, yaani mji wa Lamu? Wanazuoni wengi humruhusu mjane kutoka mchana kwa haja ya lazima, na matibabu ya mtoto ni haja. Ustadhi aulizwe mapema ili mama asibaki na dhana mbili moyoni. Asipoweza kutoka, achague mwenyewe shangazi au bibi atakayekwenda, na mwuguzi azungumze na mama kwa simu kabla na baada, ili habari zisimfikie kwa kupokezana. Mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chako huingia nyumba za eda bila kuleta maneno, na kwa mtoto huyu ningemfanya yeye kuwa mshika daftari badala yako.

Darasani usimlazimishe aseme, usiwaambie wenziwe wamngoje, na siku atakapotoa neno usimpigie makofi. Litilie jibu la kawaida kana kwamba alikuwa akisema jana. Mwache aonyeshe kwa kidole. Mpe kazi ndogo ya kila siku iliyo yake, kama kugawa vikombe, na mwenzake mmoja mpole wa kukaa naye. Unapoondoka darasani mwambie unakwenda wapi na kwamba unarudi, kisha urudi kweli.

Kuhusu kukutana: mara moja kwa muhula, nusu saa, watu wasiozidi watano kwa kila mtoto, na mama awe wa kwanza kusema. Wataalamu tunapotangulia sisi, mama hunyamaza na kuitikia. Kila mmoja aondoke na kazi moja yenye tarehe, uiandike wewe, na asiyeweza kuvuka maji apigiwe simu ikiwa juu ya mkeka, sauti ikiwa imefunguliwa. Mwalimu mkuu aombwe msaidizi kwa zile saa ambazo mvulana huzidiwa, hata akiwa mzazi wa kujitolea, kwani mtu mmoja hawezi kuandika daftari, kuituliza ngoma na kuwashika watoto 33 kwa wakati ule ule. Ukilemewa, useme.

Watoto hawa wasisafirishwe siku moja. Boti hufuata maji, kwa hiyo mwombe mwuguzi wa Amu siku ambayo maji yanajaa asubuhi mapema, na umweleze kwa simu kwamba anakuja mtoto asiyevumilia kelele, ili asiwekwe foleni ndefu. Mvulana akae mbele, mbali na mashine, masikio yafunikwe kwa kitambaa, na kikapu chake cha makombe kisiachwe nyumbani.

Umeuliza uanze na nani. Anza na nyumba ya msichana kesho, kwa kumtuma mhudumu wa afya ya jamii kwa ruhusa ya mama yake. Kisha mwishoni mwa wiki kaa na mama wa mvulana, mpe daftari likiwa tupu, na ukurasa wa kwanza aujaze yeye, au akueleze nawe uandike: jina ambalo mtoto hugeuka akiitwa, chakula anachokubali, kinachomtisha, kinachomtuliza, na jambo moja ambalo mama anataka mwanawe aweze kulifanya kabla ya muhula kwisha.